Kikombe cha Mkuu wa Kaya

Katika nchi moja ambayo bado haina jina, kwa sababu kamati ya kulitafuta imekaa vikao kwa miaka ishirini na sita na haijamaliza chai, watu kumi na wanne walikubaliana kufanya kosa. Walikubaliana kuishi pamoja.

Hawakuwa ndugu, hawakuwa wa chama kimoja, wala hakuna aliyewalazimisha. Hilo la mwisho ndilo lililoistua serikali kuliko yote.

Aliyeanzisha kosa hilo ni Bi. Sikudhani, mkunga mstaafu wa miaka sabini na miwili, mwembamba, mwenye sauti iliyozoea kuamrisha watu wasukume. Dada yake Mwantumu, mwalimu mstaafu, alikuwa na nyumba mjini yenye ukuta, geti la chuma na nondo madirishani. Alifia ndani. Alikutwa siku ya nne na msoma mita ya maji, ambaye alishangaa kuona mita haijasogea akaamua kugonga. Msibani walikuja watu mia tatu, wakala pilau, wakasifu marehemu. Kati yao hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa amegundua kwa siku nne kwamba Mwantumu haonekani, na Bi. Sikudhani alijihesabu mwenyewe humo. Hakulia. Alikasirika, na hasira ile haikumtoka tena.

Wazo la kuishi pamoja alimweleza Mzee Lugendo, fundi mwashi aliyefiwa na mkewe. Akamweleza Mama Tegemea, aliyepika shule ya bweni miaka thelathini na ambaye hakujua tena kupika chakula cha watu chini ya kumi. Alipostaafu alikuwa akibandika maharage ya watu mia na kuyagawa mtaani huku akiona aibu. Wakaongezeka wengine, pamoja na mume na mke wenye watoto watatu waliochoka kuhamahama vyumba vya kupanga. Wakachukua kijijini Msombezi ghala la pamba lililoachwa tangu ushirika ulipokufa. Mzee Lugendo akalizungushia nyumba nane ndogo, kila moja na baraza yake. Ndani ya ghala, pale palipokuwa na mizani ya pamba, wakaweka jiko moja kubwa, na Mama Tegemea akalia kwa furaha alipoona ukubwa wa mafiga.

Ukutani, kando ya jiko, Bi. Sikudhani alipigilia misumari kumi na minne. Kila mtu akatundika kikombe chake cha bati chenye jina. Kisha akaandika kwenye daftari kanuni ya kwanza ya makazi yale, ambayo ndiyo iliyomfanya ahangaike na mengine yote:

"Uji unanywewa saa moja asubuhi. Ikifika saa moja na nusu, ambaye kikombe chake bado kiko msumarini atagongewa mlango mara tatu. Asipoitika, mlango utafunguliwa, hata awe nani."

Kwa miezi mitano waligonga milango mara sita. Mara tano mtu alikuwa amelala tu. Mara ya sita Mzee Lugendo alikuwa ameanguka na kuvunjika nyonga, na dakika thelathini baadaye alikuwa ndani ya gari kuelekea hospitali, akitukana fundi aliyejenga kizingiti, ambaye ni yeye mwenyewe.

*

Serikali ilikuja siku ya Alhamisi, ikiwa na magari manne. La kwanza lilimbeba Mkuu wa Wilaya, Bwana Ponsiano Kitwenga. La pili lilibeba kiti chake. La tatu lilibeba chakula chake, kwani kiongozi hali ovyo. La nne lilikuwa tupu, kwa ajili ya heshima.

"Ndugu wananchi," alisema Bwana Kitwenga akiwa tayari kitini, "serikali yenu sikivu imesikia harufu ya maharage. Imejiuliza: maharage haya ni ya kaya ipi? Maana Sheria ya Kaya iko wazi. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja, chini ya mkuu mmoja. Chungu nimekiona. Mkuu yuko wapi?"

"Hatuna, Mheshimiwa," alisema Bi. Sikudhani. "Tunapika kwa zamu, tunaosha kwa zamu, na jambo likitushinda tunakaa tunazungumza."

Karani aliyekuwa akiandika aliinua kalamu. Hakuwa na uhakika kama maneno hayo yanaruhusiwa kwenye karatasi ya serikali.

"Mnakaa mnazungumza," alirudia Bwana Kitwenga taratibu. "Sawa. Nitakuuliza kwa lugha nyepesi, bibi yangu. Mkichinja kuku, firigisi anakula nani?"

Watu wote wa Msombezi walitazamana. Swali lilikuwa halali kabisa, kwani katika nchi ile firigisi ni ya baba, na mtu huweza kuishi na mwanamke miaka arobaini bila mwanamke huyo kujua firigisi ina ladha gani.

"Anakula mwenye zamu ya firigisi," alisema Mama Tegemea kutoka jikoni. "Tumeandika pale mlangoni. Jumapili iliyopita alikula huyu mtoto."

Bwana Kitwenga alifungua kifungo cha shati. Alikuwa ameona migomo na mafuriko, na mara moja alipokea mgeni wa taifa kwenye uwanja wa ndege usio sahihi. Lakini firigisi inayozunguka kwa zamu hakuwahi kuisikia.

"Hii si kaya," alisema kwa sauti ya mtu aliyefiwa. "Haya ni mapinduzi."

Mama Tegemea alimletea sahani ya maharage na wali. Mkuu wa Wilaya aliitazama kama vile imemtukana, akaagiza kikapu chake kutoka gari la tatu, akala peke yake akiwa ameupa mkutano kisogo. Bi. Sikudhani aliutazama mgongo ule mpana wa serikali, akaona kwamba mtu huyu hajala na mwenzake kwa muda mrefu sana. Alimdharau, na hakujisumbua kuficha.

*

Barua ilifika baada ya wiki moja. Ilikuwa na mihuri tisa, mmoja wa kuthibitisha kwamba ile mingine minane ni mihuri. Ilisema kwamba jiko la Msombezi libomolewe ndani ya siku kumi na nne, na kila nyumba ijenge jiko lake, iweke chungu chake, na mkuu wake. Vinginevyo, wahusika wajaze Fomu ya Kaya, na hasa kisanduku namba tisa: jina la mkuu wa kaya. Kisanduku hicho hakiruhusiwi kuachwa wazi.

"Andika jina langu, dada, yaishe," alisema Mzee Lugendo, ambaye sasa alitembelea fimbo. "Mimi ni mwanamume, nina ndevu. Watafurahi."

"Umesoma nyuma ya fomu?"

"Nani anasoma nyuma ya fomu?"

"Mkuu wa kaya akifa, kaya inavunjwa siku hiyo hiyo na vyombo vinachukuliwa na ndugu zake. Una kaka wangapi, Lugendo?"

"Saba."

"Wanapenda vyombo?"

Mzee Lugendo alikumbuka mazishi ya mkewe, jinsi kaka zake walivyotoka na meza ikiwa bado na vikombe vya chai juu yake. Akaisukuma fomu kando.

Walizungumza siku tatu. Kila jina lilikuwa na kaka, shemeji au binamu nyuma yake. Bi. Sikudhani alianza kuamka mapema, akikaa jikoni na kutazama misumari. Jiko likibomolewa kila mtu atakunywa uji kwake, na kikombe cha mtu kikiwa ndani kwake hakimwambii yeyote kitu. Ndani ya mwaka mmoja wangekuwa Mwantumu wanane wanaopakana. Aliwaza hivyo akapatwa na hofu ya kweli, ambayo hata wodini hakuwahi kuipata.

Aliyemwokoa ni redio. Kila asubuhi, kabla ya taarifa, redio ya nchi ile ilipiga ngoma na kutangaza: "Baba Mkuu wa Kudumu, Mlezi wa Mvua, Rubani wa Mawazo Yetu, Mkuu wa Kaya Zote!" Watu walikuwa wameisikia miaka thelathini na moja, na kwa hiyo hakuna aliyekuwa ameisikiliza.

Bi. Sikudhani aliisikiliza. Akavuta fomu. Katika kisanduku namba tisa aliandika, kwa mwandiko wa kadi za kliniki, jina la Baba Mkuu wa Kudumu.

Bwana Kitwenga alipoipokea ofisini, alikaa nayo kuanzia saa tatu hadi saa nane. Akilikata jina, amemkata Baba Mkuu. Akilikubali, Baba Mkuu anaishi kwenye ghala la pamba. Mwishowe aligonga muhuri huku amefumba macho. Aligonga pia kwenye daftari la kanuni, ambalo Bi. Sikudhani alikuwa ameliambatanisha, akalirudisha bila kulisoma.

*

Habari ilipofika juu, ilipendeza. Magazeti yote mawili, ambayo huchapwa na mashine moja, yaliandika kwamba Baba Mkuu amehamia kwa wanyonge. Na kwa kuwa kila mtu Msombezi alikuwa na kikombe, ilionekana aibu Mkuu wa Kaya asiwe nacho.

Kikombe kililetwa Jumatatu. Kilikuwa cha dhahabu, chenye masikio mawili na picha ya mwenyewe akitabasamu. Barabara ilichongwa kwa ajili yake, na baada ya kupita ikafungwa ili isichakae. Waziri wa Vyombo na Vipaji alitoa hotuba ya saa mbili juani.

"Kikombe hiki," alinguruma, "Baba Mkuu amekichagua jana, kwa mkono wake mwenyewe! Alikishika hivi! Akacheka! Akaniambia, Waziri, wapelekee wanangu, waambie mimi ni mzima kama chuma!"

Wananchi waliosombwa na malori walipiga makofi hadi walipoonyeshwa ishara ya kuacha. Mzee Lugendo alipigilia msumari wa kumi na tano, kikombe kikatundikwa, na Waziri akaondoka na kuku wawili aliokuwa hajapewa.

Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, vikombe kumi na vinne vilikuwa mezani, na cha dhahabu kilikuwa msumarini.

"Haya," alisema Bi. Sikudhani, akajifunga khanga vizuri.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Mama Tegemea.

"Kugonga."

"Sikudhani, acha utani. Mtatiwa ndani, wewe na huo mlango."

"Kanuni inasema hata awe nani. Leo nikimruka huyu kwa sababu ni mkubwa, kesho nitamruka nani kwa sababu ni mdogo?"

Alitembea hadi ofisi ya wilaya. Akaomba kumwona Bwana Kitwenga, akamwekea daftari mezani.

"Mheshimiwa, kikombe cha mkuu wetu wa kaya hakijachukuliwa. Nimekuja kuuliza. Yu mzima?"

Bwana Kitwenga alifungua mdomo aseme ni mzima, kama redio ilivyosema asubuhi ile ile. Kisha akaona muhuri wake chini ya kanuni. Kusema ni mzima bila kumwona ni kutoa taarifa isiyothibitishwa. Kusema hajui ni kukiri kwamba serikali haijui. Kusema si mzima kuna adhabu yake, na adhabu hiyo hufanyika uwanjani.

"Nitauliza juu," alisema, akavuta simu.

Akampigia Mkuu wa Mkoa. Mkuu wa Mkoa akauliza wizarani, na waziri akamuuliza mwenzake, ambaye alimuuliza wa tatu. Kila mmoja alijibu kwamba Baba Mkuu yu mzima kupita kiasi, ila yeye mwenyewe hajamwona karibuni. Amwulize aliye karibu zaidi. Aliye karibu zaidi alikuwa mlinzi wa mlango wa chumba cha kulala, naye alisema kazi yake ni kuzuia watu kuingia, na kwamba siku za karibuni imekuwa rahisi.

*

Ijumaa gari jeusi lilimfuata Bi. Sikudhani Msombezi. Mama Tegemea alimfungia maandazi, akamkumbatia kama mtu anayekwenda kunyongwa. Bi. Sikudhani alikuwa anaogopa. Alikula andazi moja njiani.

Ikulu ilikuwa na vyumba mia tatu na walinzi mia nne. Mwisho wa korido moja ndefu, mbele ya mlango wenye nakshi, alikuta mawaziri kumi na mmoja wamesimama kwa soksi, viatu mkononi, ili wasimwamshe. Walikuwa hapo tangu Jumatano. Hoja iliyowakwamisha ilikuwa ya itifaki. Kitabu cha Itifaki kilieleza jinsi ya kuitwa na Baba Mkuu, jinsi ya kumwinamia na jinsi ya kutoka kinyumenyume bila kujikwaa, lakini hakikumtaja popote mtu mwenye mamlaka ya kugonga.

Kulikuwa na harufu. Ilikuwa imeripotiwa siku kadhaa nyuma, na msemaji wa Ikulu alishatoa tamko kwamba ni harufu ya maendeleo.

"Bibi," alinong'ona Waziri wa Vyombo na Vipaji, ambaye hakunguruma tena, "tumetafuta nchi nzima. Wewe peke yako ndiye mwenye wajibu, ulioandikwa na kugongwa muhuri, wa kugonga mlango huu."

"Wewe si ulisema alikishika kikombe Jumapili, akacheka?"

Waziri alitazama soksi zake.

Bi. Sikudhani aligonga mara tatu, kama anavyogonga kwa Mzee Lugendo. Alisubiri. Kisha akafungua.

Kiyoyozi kilikuwa kimewashwa hadi mwisho. Mzee mmoja mdogo, mdogo kuliko picha zake zote, alikuwa amelala sakafuni kati ya kitanda na kengele, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea kengele. Mkunga alijua kusoma miili. Ilikuwa siku ya tisa.

Tangu Jumatano ya juma lililopita, basi. Katika siku tisa hizo marehemu alikuwa amezindua daraja, amemfukuza Waziri wa Samaki kwa uzembe, ametuma rambirambi nchi tatu na kuhutubia taifa juu ya siri ya maisha marefu. Na Jumapili, akiwa maiti wa siku nne, alikuwa amechagua kikombe.

Bi. Sikudhani alimfumba macho. Alikuwa amemchukia mtu huyu miaka thelathini na moja na hakuona sababu ya kuacha. Lakini alipouona mkono ule ulionyooshwa kuelekea kengele alimkumbuka Mwantumu, akapandwa na hasira ile ile. Alivua khanga yake ya juu, akamfunika. Kisha akageukia mlangoni, walikobanana mawaziri kumi na mmoja.

"Walinzi mia nne," aliwaambia. "Mia nne! Na hamkuwa na hata msoma mita."

*

Maombolezo yalipangwa kuwa ya siku tisini, lakini yalikatizwa na wanasheria. Mmoja wao alikuwa amesoma nyuma ya Fomu ya Kaya. Mkuu wa kaya akifa, kaya inavunjwa siku hiyo hiyo. Na marehemu alikuwa Mkuu wa Kaya Zote. Kwa hiyo tangu Jumatano ile hapakuwa na kaya hata moja nchini, ndoa za mawaziri zilikuwa zimening'inia hewani, na kila sufuria ya taifa ilikuwa mali ya mpwa wa marehemu, ambaye alishaanza kuzifuata.

Kiongozi mpya aliapishwa haraka. Alipokea nyimbo, mvua na urubani wa mawazo. Alipofikishiwa cheo cha Mkuu wa Kaya Zote, akaelezwa kwamba kitaambatana na kikombe Msombezi, pamoja na bibi mmoja anayekiangalia kila asubuhi saa moja na nusu, aliomba maji ya kunywa, kisha akakikataa cheo hicho. Siku hiyo hiyo Bunge lilipitisha sheria fupi kuliko zote katika historia ya nchi ile: kisanduku namba tisa kinaweza kuachwa wazi.

Bi. Sikudhani alijaza fomu upya. Alikiacha wazi kwa raha zake zote, akaitazama nafasi ile nyeupe kwa muda, kisha akaenda kuosha masufuria, maana ilikuwa zamu yake.

Jumamosi moja, asubuhi, Bwana Kitwenga alikuja Msombezi kwa miguu. Hakuwa na kiti wala kikapu. Alikuwa ameshika kitu kilichofungwa kwenye gazeti, akasimama mlangoni mwa ghala hadi Mama Tegemea alipomwambia aache kuziba mwanga.

"Bibi," alimwambia Bi. Sikudhani, bila ile "ndugu wananchi" yake. "Nyumba ya serikali ina vyumba kumi na kimoja. Ninaishi peke yangu. Kuna mlinzi getini, asubuhi anasubiri niamke nimwambie afungue. Jana nikamwuliza, je, nisipoamka? Akasema atasubiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka apate barua."

Alifungua gazeti. Ndani mlikuwa na kikombe cha bati, kipya, chenye jina lililoandikwa kwa rangi iliyokuwa bado haijakauka vizuri. Hakikuwa na cheo.

Bi. Sikudhani alitazama msumari wa kumi na tano, uliobaki mtupu tangu watu wa Ikulu walipokuja kuchukua dhahabu yao. Akamtazama Mkuu wa Wilaya, shati limelowa jasho, mdomo unataka kuhutubia na hauwezi. Bado alimdharau. Alichukua kikombe kile mkononi mwake, akakitundika.

"Nitakula hapa leo?" aliuliza Bwana Kitwenga.

Bi. Sikudhani alimsogezea kigoda kwa mguu, akampa kisu na ungo wa vitunguu.

"Menya kwanza, mwanangu," alisema. "Na zamu ya firigisi usiniulize. Wewe ni wa kumi na tano."